Mbwa Aliyenyamaza Siku Arobaini

Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu na cheti cha skuli ya usiku, nilipoamini kwa moyo mmoja kwamba mbwa akitazamana macho kwa macho na chui wa kufugwa huwa bubu siku arobaini, na siku ya arobaini na moja sauti humrudia mbele ya mlango wa mwenye chui. Wala si jambo nililolisikia nikalicheka. Nilizihesabu siku hizo kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko.

Kwa asiyezaliwa Unguja, chui wa kufugwa si chui wa porini. Ni chui ambaye watu husema ana mwenyewe: mtu anayeishi nasi, anayesali nasi, anayenunua sukari duka moja nasi, ila akitaka humtuma mnyama wake akale mbuzi wa jirani kama wewe unavyomtuma mtoto akalete chumvi.

Nitafika huko. Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kutunza na kutembeza mbwa. Vyeo sitavitaja, maana kazi hii haina vyeo: unaanza nyuma ya mbwa, unamaliza nyuma ya mbwa. Mshahara nao tuuwache ulipo, umelala, tusiuamshe.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kamba Shangani, katika nyumba ya Mama Inge, Mjerumani mrefu kuliko mlango wake mwenyewe. Alikuwa na mbwa wawili na alitaka mtu anayejua kusoma, kwa sababu mbwa wale walikuwa na kadi za chanjo na dawa za minyoo zenye maelezo marefu kuliko hotuba ya harusi. Mimi nilikuwa nimetoka skuli ya usiku juzi tu, Kiingereza changu bado kina mvuke. Nikaisoma kadi ile kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, pamoja na jina la kiwanda kilichochapa karatasi. Akaniajiri papo hapo. Nyumbani sikusema kazi ni ya mbwa. Nilisema niko kwenye "usafirishaji". Mama yangu, Mungu amrehemu, aliujua ukweli siku ya tatu, kwa pua.

Kutembeza mbwa Mji Mkongwe ni kama kutembeza moto. Vichochoro vile, watu wawili wakipishana mmoja hujibana. Ukiwa na mbwa, mtaa mzima hujibana. Nimemwona bwana mmoja mnene wa Mkunazini akiruka juu ya baraza futi sita kwa mruko mmoja, na kanzu yake haikukunjika. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe Muislamu, na kila mate ya mbwa yakinigusa ilinibidi nioshe mara saba, moja kwa udongo. Ndoo yangu ya mchanga ilikaa uani, pembeni ya mfereji. Mwezi wa kwanza niliosha mikono mpaka nikadhani nitafika kwenye mfupa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lukas wa Mbweni, Mkristo, aliyewahi kutunza mbwa wa ulinzi kwenye maghala. Alikuwa anakuja kila Jumamosi kuwakagua wale wa Mama Inge. Kwake nilijifunza kwamba mbwa havutwi, husubiriwa. Kwamba filimbi hupigwa namna moja tu, mwaka mzima, ukiwa na hasira ukiwa na furaha. Kwamba mbwa mgeni humpi mkono, humpi macho, humpi mgongo; unampa ubavu. Na alinifundisha jambo la nne, ambalo nililikataa.

"Kila akirudi, fungua mdomo," alisema, na yeye mwenyewe akaingiza vidole vyote kati ya meno ya mbwa kama anayetafuta funguo mkobani. "Tazama ufizi, tazama ulimi, tazama kilichobaki menoni. Mbwa habari zake za siku nzima anaziweka humu."

"Mzee Lukas, hapo ndipo ninapoishia miye," nikamwambia. "Kucha nitakata, masikio nitasafisha, dawa nitampa kwa kijiko cha mpini mrefu. Mdomoni simo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Basi wewe utakuwa unamjua nusu mbwa."

Miaka ikaenda. Mbwa wale wawili wakazeeka wakafa, nikawazika mwenyewe, na Mama Inge akaihama Shangani. Alijenga nyumba ndogo ya wageni pwani ya kusini mashariki, mbele ya Bwejuu. Jina la kijiji nalihifadhi, kwa kuwa baadaye nilioa huko na bado nataka kualikwa futari. Huko ndiko alikoletwa mbwa mpya, Bruno, akiwa mdogo wa kuenea kiatuni. Baada ya mwaka alikuwa mkubwa kama ndama. Naam, hapa sitii chumvi, au naitia kidogo tu. Rangi ya kahawia, macho ya mtu anayekaribia kuomba msamaha. Wageni walimpenda kuliko bahari waliyoifuata.

Mama Inge alikuwa na msimamo mmoja: mbwa si mfungwa. Kila asubuhi nimpeleke Bruno kwenye maweni, nimfungue kamba, nimwache akimbie atakavyo, ndipo nimrudishe. Maweni ni ule msitu mfupi ulioota juu ya matumbawe ya kale nyuma ya kijiji, miti imebanana, mawe yamechongoka kama misumeno, mashimo na mapango chini yake. Humo mna paa, kima, pelele, na vitu ambavyo havina haraka ya kujulikana. Kwenye mapango mawili watu huacha vitambaa vyekundu na vyetezo vya ubani. Hupiti hapo ukiimba.

Amri ile ya Mama Inge niliipokea kwa mikono miwili. Mbwa aliye kwenye kamba hukulamba. Mbwa aliye msituni hamlambi mtu. Nilikuwa nikimfungua, naketi juu ya jiwe karibu na kisima kikavu, nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Baada ya saa mbili napiga filimbi. Bruno akija, simgusi. Narusha kijiti baharini, anaogelea kukifuata, anatoka ameng'aa kama sahani, ndipo namtia kamba. Kuosha mara saba kukageuka kuwa mara moja kwa wiki. Nilijiona mvumbuzi wa kimataifa. Mgeni mmoja aliniambia hata kwao hajapata kuona mbwa msafi vile.

Njia yetu ilipita mbele ya nyumba ya mwisho ya kijiji, iliyoegemea maweni kabisa. Humo alikaa Bi Mize, mjane, mtu wa Tumbatu aliyeolewa pale ujanani. Mume akafa, watoto wakahama, yeye akabaki na kinu chake na mbuzi mmoja jike. Alikuwa akiuza vitumbua. Kila asubuhi nilinunua vitatu, na ndiye mtu pekee kijijini aliyeniamkia bila kwanza kumtazama mbwa.

"Umeamkaje, Khamis? Na huyo bwana mkubwa wako?"

"Hajambo, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba. Leo vina iliki zaidi, nimezeeka mkono."

Mbuzi wa kwanza kufa alikuwa wa Makame, muuza kahawa. Alimfunga ukingoni mwa maweni asubuhi, akamkuta adhuhuri koo limefunguka na tumbo limeliwa upande mmoja. Baada ya siku nane, wa jirani yake. Kisha wawili kwa mpigo, mama na mtoto. Hawakusikika kulia. Kila mwenye mbuzi upande ule alipoteza, na ikafika siku watu walipoanza kuhesabu si nani aliyepoteza bali nani hajapoteza. Ilikuwa hesabu fupi. Mbuzi wa Bi Mize alikuwa akitafuna majani mbele ya mlango, amenona.

Basi ikaja asubuhi ile. Nilimfungua Bruno kama kawaida, nikasoma gazeti lote, nikapiga filimbi. Kimya. Nikapiga tena. Mbwa yule hakuwahi kuchelewa hata kwa muda wa kumenya chungwa. Nikazunguka ukingo wa maweni nikipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Nilipopita kwa Bi Mize nimuulize, mlango wake, ambao huwa wazi tangu alfajiri, ulikuwa umefungwa, na mbuzi hakuwepo nje. Nikapiga hodi tatu. Kuna kitu kilisogea ndani, lakini sikuitikiwa.

Jua lilikuwa limesimama utosini, saa ile ambayo wazee hawaruhusu mtoto kuchezea uwanjani, nilipoingia maweni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mara zote zile nilikuwa nakaa ukingoni. Ndani hapana upepo. Hatua kumi tu na sauti ya bahari ilikatika kama iliyofungiwa mlango. Kima hawakuwapo juu. Wadudu wale wanaopiga kelele mchana kutwa walinyamaza mbele yangu na kuendelea nyuma yangu, kama watu wa barazani wanapopitiwa na mtu wanayemsema. Paa mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, mdogo, miguu kama vijiti vya udi. Hakukimbia. Alinitazama, akatazama kule nilikokuwa nikielekea, akajitoa njiani polepole akanipisha.

Kisha nikasikia harufu ya zabadi. Nasema zabadi, manukato yale mazito ya chumba cha biarusi, katikati ya mawe, saa sita mchana, mahali ambapo hapana biarusi wala nyumba.

Bruno alikuwa kwenye uwazi mdogo mbele ya pango, ameinamisha kichwa, mate yananing'inia. Hakunigeukia. Juu ya jiwe, kwenye kivuli cha mdomo wa pango, kulikuwa na kitu chenye madoa. Kilikuwa kimesimama kwa ubavu, mgongo umeinuka, madoa meusi juu ya kijivu, na uso wake ulikuwa kama umefungwa kitambaa cheusi machoni. Ndani ya weusi ule macho mawili yalimtazama mbwa wangu. Bruno alifungua kinywa kubweka. Niliona mbavu zikijibana, niliona shingo ikitutumka. Haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Akajaribu mara ya pili; pumzi ileile. Kile kitu kikageuka, kikaingia pangoni, na halikulia hata jani.

Sikukimbia. Nilitangulia tu. Tulifika hoteli, mimi mbele kwa hatua mia na Bruno nyuma.

Jioni ile nilimsimulia Makame penye birika lake.

"Mbwa hakubweka?" akauliza.

"Hakubweka. Alifungua mdomo, hewa tupu."

Makame akaweka kikombe chini bila kukijaza. "Subhanallah. Basi nshajua. Huyo si wa porini, yakhe. Huyo ana mwenyewe. Mbwa akitazamana naye huwa bubu siku arobaini, na ya arobaini na moja sauti humrudia mlangoni kwa mwenye mnyama. Babu yangu kaliona kwa macho yake."

Hapo ndipo yalipotokea makosa yangu, nami nayaandika bila kuyapamba, maana mapambo ndiyo yaliyoleta balaa. Mnyama yule, nilipomsimulia Makame, alikuwa mkubwa kama mbuzi. Siku ya pili mbele ya watu watano alikuwa kama ndama. Ijumaa, baada ya sala, macho yake yalikuwa kama taa za lori. Watu walinisikiliza, jamani. Mimi mchunga mbwa ambaye kwa miaka walikuwa wakinipisha kwa kuziba pua, leo wananisogezea mkeka. Basi nikamwongezea mkufu. Nikasema chui yule alikuwa na mkufu wa fedha shingoni.

Sheha wa pale, mkuu wa kijiji, mtu mtulivu asiyependa makelele, aliniita pembeni. "Khamis, nakuuliza kitu kimoja. Huo mkufu uliuona?"

Mnyama wa porini havai mkufu. Anayeuvaa amevishwa na mtu. Sheha alijua hivyo na mimi nilijua hivyo. Pale palikuwa na nafasi ya kusema hapana, upana wa mlango mzima.

"Sheha," nikasema, "wallahi uling'aa."

Bruno hakubweka kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Nilichora mistari ya chaki. Alikula kwa taabu siku za mwanzo, akimeza kwa kunyoosha shingo, kisha akarudia hali yake, ila sauti hapana. Sijui kama mmepata kuishi na mbwa mkubwa asiye na sauti. Unageuka, yuko nyuma yako. Unafungua mlango, amesimama, amekutazama. Alasiri alikuwa akiketi kwenye kizingiti, pua ameielekeza maweni, hatikisiki mpaka magharibi. Wageni walisema mbwa mwenye adabu. Mimi nilikuwa nalala na redio imewashwa.

Mama Inge alikuwa kwao wakati ule, lakini amri ilikuwa amri, kwa hiyo kila asubuhi niliendelea kumfungua kamba, ila kisimani sasa nilisoma Ayatul Kursi badala ya gazeti. Mbuzi waliendelea kufa. Watatu katika siku zile arobaini, na wote bila mtu kusikia chochote. Asubuhi moja Bruno alitoka maweni na nywele nyeupe zimenasa kwenye ukanda wake wa shingoni. Nikazitazama kwa mbali nikasema: huyo chui amemgusa tena. Nikarusha kijiti baharini.

Vitumbua niliacha kununua. Nilibadili njia, nikawa napita pwani. Bi Mize alinitumia salamu mara mbili nifike kwake. Makame alinionya: "Usithubutu! Anataka kukufunga ulimi kabla siku haijafika." Sikwenda.

Siku ya arobaini na moja, baada ya sala ya alasiri, wanaume walikusanyika hotelini. Nimezoea kusema walikuwa mia mbili. Walikuwa kumi na wanane. Sheha alikuja, akasema yeye anatembea tu. Nikamfungua Bruno kamba, naye akatoka getini akashika njia ya kijiji kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Nilisikia ndara za watu kumi na wanane zikigonga visigino na, mbele yetu, mchi ukigonga kinu. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo mgongo wa Bruno ulivyosimama nywele, kuanzia mkiani hadi kichwani.

Mchi ukanyamaza. Bi Mize alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mchi mkononi, unga umemjaa viganja. Bruno alisimama hatua sita kutoka kwake. Akajikunja, akafungua kinywa, na sauti ikatoka: nzito, iliyopasuka, kama mzee anayekohoa ndani ya mtungi. Akabweka, akabweka, akabweka, akirudi nyuma huku akimtazama yeye tu. Nyuma yangu mtu alisema "Allahu akbar" kwa sauti ndogo sana.

Bi Mize hakututazama sisi. Alimtazama mbwa. Kisha akasema, bila ukali, "Khamis, mshike mbwa wako."

Mbuzi wake alikuwa pale nyuma yake, mzima, anatafuna. Kila mtu alimwona. Hakuna aliyemuuliza Bi Mize kitu. Tukageuka tukaondoka, na tulipofika msikitini watu walikuwa wameshaacha kutembea pamoja nami, kama kwamba kazi yangu imekwisha.

Hakupigwa, asije mtu akafikiri. Kijiji kile hakina watu wa kupiga. Salamu yake haikuitikiwa, ndilo lililotokea. Vitumbua vyake vilikaa kwenye sinia mpaka vikakauka. Harusi mbili zilipita bila yeye kuitwa kutwanga. Kamba ya kisima cha upande wake ilitolewa na haikurudishwa. Wiki ya tatu alifunga mlango, akamfunga mbuzi kamba, akaondoka kwa miguu hadi barabarani, na tukaambiwa amekwenda kwa binti yake, mjini.

Na baada ya hapo hakufa mbuzi hata mmoja. Makame alikuwa akilisema hilo kila siku, akimimina. "Si mnaona? Si mnaona?" Mimi nami niliona. Wiki ileile aliyoondoka Bi Mize, Mama Inge alirejea safari, akasikia habari za chui, akapiga kelele kwa Kijerumani, na kuanzia siku ile Bruno hakufunguliwa kamba tena hata hatua moja. Aliogopa chui atamla. Nilirudi kuosha mara saba.

Bruno aliishi miaka mingine sita, kwenye kamba, akizeeka taratibu. Nilimzika nyuma ya jiko. Baada yake walikuja wengine, wadogo, wa kulala kwenye viti, na juu yao sina la kuwafundisha ninyi isipokuwa kwamba mkate wa kukaanga huwaharibu tumbo. Mwaka huu magoti yalikataa, nikakabidhi filimbi, nikahamia kwa mwanangu Mbweni.

Siku ya tisa hapo Mbweni nilikuwa nikirudi kutoka dukani nilipoitwa kwa jina.

"Khamis!"

"Naam," nikaitika, kabla sijajua naitwa na nani.

Alikuwa Bi Mize, ameketi kwenye mkeka ukumbini kwa binti yake, anasuka ukili, mdogo zaidi wa mwili kuliko nilivyomwacha, macho yaleyale. Nilisimama kwenye jua, mkate mkononi. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, karibu kitako. Binti yake akaleta chai akarudi ndani. Tuliulizana hali, tukataja waliokufa. Mimi nikiwa na hofu huwa natania, ndiyo maumbile yangu, kwa hiyo nikacheka nikasema, "Na yule chui wako, Bi Mize, ulimwacha kule au ulikuja naye?"

Hakuacha kusuka. "Mbwa wako alipata sauti lini?"

"Siku ile ile. Mlangoni kwako."

"Mie ndo niliyeikata. Nlimpiga na mchi, hapa," akajigusa kooni. "Asubuhi ile ulokuwa ukizunguka na filimbi. Nlikusikia unapiga hodi, lakini nlikuwa namfunga mbuzi kitambaa, mguu unavuja damu, mikono yote imeshika. Nlipomaliza ushaondoka."

"Mbuzi wako aliumwa na nini?"

"Nlikutumia salamu mara mbili uje nikwambie. Hukuja. Kisha mkaja watu kumi na wanane, na hakuna hata mmoja alofungua kinywa kuniuliza. Nikasema, atajua mwenyewe, si ndiye mwenye mbwa."

Nikakisukuma kikombe cha chai pembeni. "Lakini kitu kile nilikiona, Bi Mize. Pangoni. Kina madoa. Kina harufu ya zabadi."

"Ngawa. Zabadi si hutoka kwake? Alikuwa akikaa pango lile miaka, anakuja kula mafenesi yangu. Mkubwa kuliko paka kidogo." Akauvuta ukili, akaupima kwa shubiri, akaendelea. "Hana hata nguvu ya kumuangusha jogoo wa maana."

"Basi mbuzi wa Makame," nikasema. "Na wale wawili, mama na mtoto. Na wale watatu."

Bi Mize akaweka ukili chini, akanitazama kama mwalimu anayemtazama mtu aliyekuja darasani amechoka.

"Hapakuwa na chui, Khamis. Mbuzi walikuwa wanaliwa na mbwa wako."